EMBE ZA KUFIKIA KWA MKONO
Maneno ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Tunguu



 Awali ya yote hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uzima tukaiona siku hii. Wenzetu watatu tulioanza nao wametangulia mbele ya haki. Mwenyezi Mungu awalaze mahali pema, amin.

Katibu wetu ameshasoma risala na mahesabu. Amesoma hisa, amesoma mikopo, amesoma na madeni, na alipofika kwenye madeni baadhi yetu tulikuwa tunaangalia chini. Hayo hatutayarudia. Sisi tumeombwa tueleze jambo moja tu, nalo ni hii miembe yetu. Kila mgeni anayepita njia hii husimama akauliza: miembe gani hii, imejaa embe na haijafika hata paa la banda? Mmeitia dawa? Wako waliosema, kwa masikhara lakini wamesema, kuwa wanawake wa Tunguu wameiroga miti isikue. Basi leo tutaieleza hiyo dawa yenyewe, pamoja na makosa tuliyoyafanya, kwa sababu makosa ndiyo yaliyotugharimu zaidi.

Tuanze na miembe ya zamani. Sote hapa tumekulia chini ya miembe mikubwa, ya dodo, ya boribo, ya muyuni, mingine imepandwa na watu ambao hata majina yao hatuyajui. Mwembe wa mbegu ukiachiwa unakwenda futi 60, na mingine inapita hapo. Ni mti mzuri, una kivuli, mikutano yetu ya mwanzo yote tulifanya chini ya mwembe na sanduku letu la kufuli tatu tumeliweka juu ya mzizi. Hatuutukani.

Lakini tujiulize, embe za mti ule zilikuwa za nani? Mwanamke hakwei. Hata akiweza, si jambo la kufanya mtu mzima mwenye buibui lake. Kwa hivyo mwenye mti, akiwa mwanamke, alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumtafuta kijana akwee aangue, naye achukue fungu lake, na fungu lake ni zile embe nzuri za juu, kwa sababu yeye ndiye aliye huko juu anayeziona. Zinazobaki zimeanguka, zimepasuka, zinaliwa siku ile ile au zinaoza. Njia ya pili ni kuuza mti ukiwa bado maua. Mchuuzi anakuja, anautazama mti, anataja bei yake, unapokea pesa, basi. Msimu ukifika anakuja na watu wake na matenga yake, gari inajaa mara mbili mara tatu, na wewe umekaa barazani unahesabu matenga ya embe zako mwenyewe ambazo si zako tena. Ukisema bei ndogo, atakwambia: basi bibi, kwea uangue mwenyewe.

Neno hilo tuliambiwa kweli, na aliyeambiwa yupo hapa.

Kuna jambo jengine ambalo lilitugusa zaidi. Mwaka wa kwanza wa kikundi, mtoto wa mwenzetu mmoja, kijana wa miaka kumi na sita, alikwea mwembe wa nyumbani kwao baada ya mvua. Gome lilikuwa linateleza. Alianguka akavunjika nyonga. Mfuko wetu wa jamii, ule tunaochangia kila mkutano kwa ajili ya misiba na maradhi, ulikuwa na miezi minane tu, ukaisha wote kwa kijana yule, na bado haukutosha. Alhamdulillah, sasa anatembea, ingawa mguu mmoja umekuwa mfupi. Siku tuliyokwenda kumtazama mama yake alisema, pesa mtu atapata nyengine, lakini mti huu mie siutaki tena. Tulipotoka pale ndipo tulipoanza kuzungumza habari za miche ya kubebesha.

Tuseme kweli, wakati ule tulikuwa tunajua kidogo sana. Kubebesha wazee wetu wa huku walikujua kwa michungwa. Machui na Ndijani wanabebesha chungwa juu ya mlimau tangu siku nyingi, kwa jicho moja tu la mti mzuri linalopachikwa kwenye gome. Mchungwa wa mbegu ni miiba mitupu na unaweza kukungojesha miaka minane, lakini wa kubebesha miaka mitatu minne umeshaanza kuzaa. Kwa miembe sisi tulisikia tu kwamba iko, na kwamba inabaki mifupi.

Mwaka wa pili tukakopeshana. Wanachama 14 walichukua mkopo kununua miche kwa mtu aliyekuwa akipita na gari kuuza. Ilikuwa miche mizuri, ina majani ya kijani, na kila mmoja umefungwa utepe wa plastiki shinani. Tulilipa bei ya mche wa kubebesha. Tukaipanda masika, tukaimwagilia kiangazi kwa ndoo. Bibi Shamba alipokuja mwaka uliofuata alipiga magoti mbele ya mche wa kwanza, akafungua utepe, akatizama, akanyamaza. Akaenda wa pili, wa tatu. Chini ya utepe hapakuwa na kiungo. Ilikuwa ni miche ya kokwa iliyofungwa utepe.

Sasa sikilizeni, kwa sababu kosa halikuwa la mchuuzi peke yake. Katika ile miche, michache ilikuwa imebebeshwa kweli. Na hiyo nayo tuliiharibu wenyewe. Mche wa kubebesha unapokuwa mdogo, shina la chini bado lina hamu ya kukua na hutoa chipukizi chini ya kiungo. Chipukizi hilo lina nguvu, linakwenda juu upesi kuliko kijiti chenyewe kilichobebeshwa. Sisi tulifurahi, tukasema mti umeshika. Hatukulikata. Likakua, likakinyima kijiti cha juu chakula mpaka kikakauka, na kilichobaki ni mwembe wa kienyeji wenye embe za nyuzi. Ukiulizwa ni nani aliyeua mti, utasema nini? Tuliuua kwa kuupenda.

Mikopo yetu ilikuwa ya miezi mitatu kama ilivyo desturi ya vikundi. Mwembe, hata uliobebeshwa vizuri, hauzai chini ya miaka mitatu. Hatukuliona hilo! Watu wenye akili zao, tunaokaa kila wiki kuhesabu pesa, tumekopeshana kwa miezi mitatu kitu cha miaka mitatu. Wengine walilipa kwa kuuza kuku, wengine kwa kususa mgao wa mwisho wa mwaka. Wawili waliacha kikundi. Habari ya mmoja wao tutaifikia.

Mwaka wa tatu tukaamua kwamba hatununui tena mche ambao hatujauona ukifungwa. Tutajifunza wenyewe. Bibi Shamba akakubali kutufundisha, kila Jumamosi, chini ya kibanda cha makuti nyuma ya nyumba ya mweka hazina. Tunamshukuru mbele yenu nyote, maana alikuwa anakuja kwa daladala na hakuna siku aliyotudai nauli.

Kazi yenyewe si ngumu kwa mikono ya mwanamke aliyezoea ukili na sindano. Unakusanya kokwa za embe za kienyeji, hizi hizi za nyuzi, kwa sababu mizizi yake imezoea ardhi yetu ya mawe. Unazitoa ganda, unazipanda kwenye mifuko ya plastiki yenye udongo na samadi iliyooza. Zikifika miezi sita mpaka tisa, shina limekuwa nene kama kalamu ya risasi. Huyo ndiye mbebaji. Halafu unakwenda kwenye mti mzuri unaojulikana, boribo au dodo unayoipenda, unachagua ncha ya tawi isiyo na maua, unene ule ule wa kalamu. Wiki moja kabla unayakata majani ya ncha ile na kuacha vikonyo vya majani tu, ili macho yake yavimbe. Siku ya kazi unakikata kijiti urefu wa shibiri moja au pungufu, unakichonga chini pande mbili kama kabari. Mbebaji unamkata kichwa, unampasua katikati urefu wa kidole gumba, unakitia kijiti ndani, ngozi ya huyu ikutane na ngozi ya huyu japo upande mmoja. Unafunga kwa utepe wa plastiki kwa nguvu kutoka chini kwenda juu ili maji yasiingie, unakivisha kifuko cha barafu juu, na unauweka mche kivulini. Wembe uwe mpya. Wembe butu unaichana ngozi badala ya kuikata, na hapo hapashiki kitu. Wiki tatu au nne ukiona macho yanafunguka, umefaulu. Likiwa kavu, nawa mikono uanze tena.

Mara ya kwanza tulibebesha miche 60 ikashika 19. Tulicheka siku ile mpaka machozi, maana mmoja wetu alikuwa amekitia kijiti juu chini. Mara ya pili ikashika zaidi ya nusu. Sasa hivi katika kila kumi tunapoteza mmoja au wawili.

Hapa ndipo penye jambo kubwa tulilotaka kulisema, na tunaomba vijana mnaopiga picha mtulie kidogo.

Bibi Shamba alitueleza habari za matufaha. Si haya matufaa yetu ya Unguja yenye maji mengi, bali yale ya nchi za baridi yanayokuja madukani kutoka nje, na ambayo Bara yanapandwa sehemu za baridi kama Lushoto na Njombe. Alisema Uingereza, jimbo la Kent, mahali paitwapo East Malling, mwaka 1913 kulianzishwa kituo cha utafiti wa matunda. Wakulima wa Ulaya walikuwa tangu zamani wakibebesha mitufaha juu ya mashina ya aina nyingi, na majina yamechanganyika, mtu hajui anachonunua, kama sisi na ile gari. Wataalamu wa kituo wakayakusanya mashina yale, wakayapambanua moja moja na kuyapa namba. Wakakuta urefu wa mti unatokana na shina la chini. Tufaha lile lile, ukilibebesha juu ya shina la mbegu linakuwa mti wa futi 25 na zaidi. Ukilibebesha juu ya shina linaloitwa M9 haupiti sana futi 10. Liko na jengine, M27, ambalo mti wake ni kama kimo cha mtu. Mtu anachagua urefu wa mti wake kama anavyochagua urefu wa gauni kwa fundi. Lakini, akasema, mti wa M9 mizizi yake ni dhaifu, lazima uusimamishie nguzo maisha yake yote.

Tuliposikia hayo tulifurahi mno, na kwa furaha ile hatukusikia maneno yaliyofuata. Tukaenda kupanda tukijua kwamba tumeshabebesha, basi mti utabaki mfupi wenyewe. Maneno yaliyofuata yalikuwa haya: mwembe si mtufaha. Miche tunayoibebesha sisi mbebaji wake ni mwembe wa kienyeji wa kawaida, na kwa asili yake ni mti mkubwa. Hatuna hapa shina la mwembe lililozoeleka mashambani la kuufupisha mti kama ile M9.

Kwa nini basi mwembe wa kubebesha huonekana mfupi? Kwa sababu kijiti kimetoka kwenye mti uliokwisha kuzaa. Umri wake ni wa mtu mzima, hakingoji kukua kwanza. Kinachanua mapema, na nguvu zake zinagawanyika baina ya matunda na matawi. Hapo mti unapunguza mwendo, lakini hausimami. Ukiuacha miaka kumi na tano, nao utakuwa mwembe kama wa babu yako. India wanayo aina moja, Amrapali, iliyopatikana mwaka 1971 kwa kuchanganya embe Dashehari na Neelum, hiyo kwa tabia yake mwenyewe ni fupi, wanaweza kupanda mita mbili na nusu kwa mita mbili na nusu. Dodo na boribo haziko hivyo. Sisi tulichonacho ni msumeno na mkasi.

Yaani mti unafupishwa kwa kukatwa, kila mwaka. Kubebesha kunakupa embe mapema na kunakupa embe ile ile unayoitaka, na urefu utaupata kwa mkono wako mwenyewe.

Hapo ndipo kikundi kilipogawanyika. Mche ukishashika shambani na kufika kiunoni unatakiwa uukate kichwa, ili utoe matawi pembeni. Unachagua matatu au manne yaliyokaa vizuri, mengine unaondoa. Matawi hayo yakirefuka nayo unayakata ncha. Maua ya miaka miwili ya mwanzo unayatoa, unayatupa. Jamani, mwambie mtu aliyekopa pesa, akamwagilia mti kwa ndoo kutoka kisima cha mbali, kwamba sasa aukate kichwa na maua ayatupe! Nusu yetu tulikubali na nusu tulikataa. Mume wa mwenzetu mmoja alirudi akakuta mti umekatwa, akauliza ni mbuzi wa nani aliyeingia. Alipojibiwa kuwa ni mkewe, hakusema naye siku mbili.

Hatukulazimishana. Na kwa kweli ilikuwa kheri, kwa sababu leo mnaweza kutizama wenyewe. Ile safu ya huku, karibu na banda, ni ya waliokata. Haipiti futi 12, na wanaangua wakiwa wamesimama chini au juu ya kigoda, kwa upembo mfupi wenye kifuko. Ile ya kule nyuma, iliyokwisha kuupita mnazi mchanga, ni ya waliokataa, miche ya siku ile ile na kijiti cha mti ule ule. Wenyewe wanasema haya sasa, na wameanza kuirudisha chini kwa msumeno, pole pole, tawi moja moja kila mwaka. Ukiukata mti mkubwa wote kwa mara moja unaweza kukaa misimu miwili bila tunda, na jua likaunguza shina.

Wakati wa kukata nao una mambo yake. Sisi tulikosea mwaka mmoja, tukangoja tumalize shughuli za harusi na mfungo, tukakata karibu na wakati wa maua. Mwembe unatoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa. Ukizikata ncha wakati huo umekata embe. Tulipata majani mengi mazuri msimu ule, na embe hakuna. Sasa kanuni yetu ni kwamba embe ya mwisho ikishaanguliwa, msumeno unatoka, kabla mvua za masika hazijapamba moto, ili matawi mapya yapate muda wa kukomaa.

Faida tumeiona, lakini hatutaki kuwadanganya, na mti mfupi una adha zake. Mbuzi anaufikia. Mtoto wa skuli anaufikia. Mwizi naye hahitaji ngazi, na hilo limetuuma misimu miwili, mpaka tukawekeana zamu ya kulala bandani. Kunguru ni wale wale, ila wa chini unaweza kumfukuza kwa jiwe. Na yupo inzi wa matunda, yule aliyeonekana kwanza Kenya mwaka 2003 akatapakaa kote huku, anayetaga mayai ndani ya embe ikaoza kwa ndani. Kwenye mti mfupi unaiona embe iliyodungwa, unaichuma unaifukia shimoni, au unaivisha mfuko wa karatasi ingali changa. Kwenye mti wa futi 60 utafanya nini?

Na ardhi. Wazee wetu wengi walipata eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964. Eka tatu ya mtu mmoja leo ina watoto na wajukuu, nyumba zimeongezeka, vyuo vikuu vimekuja Tunguu, na kila mtu anataka kujenga. Mwanamke akirithi anapata kipande. Miembe mikubwa ukiipanda inavyotakiwa, mita kumi kwa kumi, eka nzima inachukua miti 40. Hii yetu tumeiweka mita tano kwa tano, eka inachukua 160, na katikati ya safu miaka ya mwanzo tunalima muhogo, pilipili na bilinganya.

Sasa tuseme habari ya mwenzetu tuliyeahidi kuisema. Yeye mwenyewe ameturuhusu, bila ya kumtaja jina.

Kwa desturi yetu ya Unguja, mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na wanaweza kuwa watu wawili. Ndiyo maana mtu akikupa shamba lake ulime, anakupa ulime muhogo, anakupa ulime viazi. Hakupi upande mti wa kudumu, kwa sababu mti ni kama kutia saini. Mwenzetu huyu alikuwa analima kwenye kipande cha kaka yake. Mwaka wa nne alikopa kwetu, safari hii miche ya kweli tuliyoibebesha kwa mikono yetu, 18, akaipanda baina ya muhogo. Alidhani kwa kuwa ni miti mifupi haitahesabiwa. Kaka yake alipokuja akasema, mti mfupi nao ni mti. Kwa upande wake alikuwa na hofu yake, ana watoto saba. Hawakuelewana. Asubuhi moja yule bibi alikwenda akakuta miche yote 18 imeng'olewa na kulazwa pembeni, imepangwa vizuri, mizizi juu.

Akaja kwetu kuomba asamehewe deni. Sisi tukakaa kikao. Tukasema katiba ni katiba, tukimsamehe huyu kesho atakuja mwengine. Tukamdai yote. Alilipa kwa kuuza cherehani yake, akalipa mpaka shilingi ya mwisho, akachukua kijitabu chake akaondoka, wala hakusema neno. Kikao kile sisi tuliokaa mbele leo ndio tulioinua mikono. Miaka sita tunapishana naye njiani, tunaamkiana vizuri, lakini tunajua na yeye anajua.

Baada ya hapo ndipo tulipobadilisha kanuni. Mkopo wa mti sasa unatoka kwenye faida ya kitalu na si kwenye hisa, unalipwa kwa miaka mitatu, na mwaka wa kwanza hudaiwi kitu. Na hapewi mtu mche kabla hatujakwenda naye kwa mwenye ardhi na kwa Bwana Sheha, ikaandikwa karatasi: ardhi ya fulani, miti ya fulani, na mmoja wao akifariki itakuwaje. Karatasi tatu, moja iko sandukuni. Tangu hapo wanawake kumi na moja wamepanda kwenye ardhi za makaka na waume, na haijang'olewa hata mmoja. Tunamshukuru Bwana Sheha kwa uvumilivu wake, maana wengine tuliwapeleka mara tatu.

Yule mwenzetu tulimfuata mwezi uliopita, watu watano, nyumbani kwake. Tulimwomba radhi. Amerithi kipande kwa upande wa mama yake, si kikubwa, lakini ni chake. Amekuja leo, amekaa pale nyuma karibu na masufuria, na amekataa kukaa mbele. Ile miche 18 iliyofungwa utepe mwekundu ni yake, boribo kumi na dodo nane. Tunaomba watoto wasiiguse. Pesa ya cherehani tutaizungumza naye sisi wenyewe, si hapa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, katika risala ombi letu ni moja, tupatiwe tangi la maji kwa ajili ya kitalu, maana kiangazi kisima kinashuka na miche ndipo inapokuwa midogo. Hatutaongeza jengine.

Wageni wote waliotoka vikundi jirani, kila kikundi kimewekewa miche miwili, iko kivulini nyuma ya banda. Ipandeni mvua zikianza, mbali na ukuta, na kiungo kibaki juu ya udongo. Chipukizi lolote mtakaloliona chini ya kiungo likateni siku hiyo hiyo, hata likiwa zuri vipi. Anayetaka kuona kazi yenyewe, baada ya chakula tutabebesha miche kumi mbele yenu, nyembe mpya zimenunuliwa. Na yule aliyekitia kijiti juu chini ndiye atakayefundisha.